Usimtoroke Wafula

Nekesa mwanangu,

Mulembe. Umetoka hapa Misikhu asubuhi kwenda Kitale kutafuta koti zito kwa watu wa mitumba, ukaniachia mwanao Wafula na kunde za kuchambua. Kunde ziko pale pale. Nimeshika kalamu kwa sababu tangu jana jioni mimi na wewe hatuongei, tunapitishiana chumvi tu kama wapangaji, na kesho kabla jogoo hajawika gari la kukupeleka uwanja wa ndege litakuwa hapo barabarani. Maneno haya nikikaa nayo tumboni mpaka uende, yatachacha.

Nianze na lile litakalokuudhi, yaishe. Uliniomba kitu kimoja. Uliniomba leo nimlaze Wafula kwangu, nifunge mlango, na akishtuka nimbembeleze mpaka uwe umefika mbali. Nimefikiria, na jibu ni hapana. Kwenda utaenda, sikuzuii. Kazi umeitafuta kwa jasho lako, umesomea mifugo, umekamua ng'ombe wa watu huko Kachibora ukilipwa na maziwa yaliyolala, na mimi mwenyewe nimepiga magoti kanisani ili hiyo Kanada ifunguke. Lakini kumtoroka mtoto wa miaka minne akiwa usingizini, hapo mkono wangu hautakuwepo.

Najua umeshapinda mdomo. Umeanza kusema, "Huyu mama naye, ati sasa ndio amekuwa mwalimu." Pinda, lakini soma.

Mambo ya baridi sitakufundisha. Soksi mbili mbili, mafuta ya kupaka mikono, sijui bomba la maji lifungwe vipi lisigande, hayo yote Chebet utakayeishi naye amekueleza kuliko ninavyojua. Tuliitazama pamoja ile video aliyotuma. Karavani nyeupe kando ya zizi la ng'ombe, theluji imefika kwenye ngazi, na chini yake wamezungusha marobota ya nyasi ili upepo usipite chini ya sakafu. Wewe ulicheka mpaka ukashika mbavu. Ukasema wazungu wana maajabu, ng'ombe wako ndani na nyasi ziko nje zinapigwa na baridi. Mimi sikucheka, na ukaniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Niliyajua yale marobota.

Unajua nilipikia watu wa kombaini. Hilo unalijua kama unavyojua jina la shule yako, lakini tuliishije huko hujawahi kuuliza na mimi sijawahi kusema. Mwenye kombaini alikuwa mzee mmoja Singasinga wa Kitale, mtu wa kelele nyingi na moyo mzuri. Ngano ikiiva, mashine zake za kuvuna zilihama shamba hadi shamba, na nyuma ya trekta tulikokota karavani moja kuukuu aliyoinunua sijui wapi. Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yetu. Wanaume wanne walilala kwenye vitanda kama rafu za duka, na mimi nyuma ya pazia la kitenge, sufuria kichwani, gunia la viazi miguuni. Tulipopanda kule juu, kupita Kachibora, baridi ilikuwa ya kukata. Kabla ya kushusha hata kikombe, vijana walizungushia karavani marobota ya majani ya ngano. Hata hivyo sakafu ilikuwa ya barafu. Pumzi zetu zilipanda kwenye bati, zikawa maji, na alfajiri yakaanza kutudondokea usoni mmoja mmoja. Gambuti zangu nililala nazo ndani ya blanketi, maana nikiziacha chini asubuhi hazivaliki.

Sisemi hivi unionee huruma. Wee, tulicheka humo ndani! Kulikuwa na dereva wa kombaini, Kiprono, mtu mrefu kama mlingoti, akilala miguu yake inafika kwangu. Nilikuwa naipiga na mwiko. Nasema hivi kwa sababu karavani ina ugonjwa wake, na huo Chebet hawezi kukuambia, bado ni mgeni nao.

Ugonjwa ni huu. Mtu akiishi kwenye nyumba yenye magurudumu anajiambia yuko hapo kwa muda tu. Mimi sikupigilia hata msumari. Nguo zangu zilikaa kwenye mfuko misimu yote ile, nikitaka sketi nachimba kama kuku. Nilijiambia maisha yangu yako Misikhu, hapa nimepita tu. Ikawa sasa huko niko kwa muda, na nikija nyumbani pia niko kwa muda, kwa sababu msimu unaanza tena. Na mtu wa muda hasemi mambo mazito. Anayaweka. Kulikuwa na simu ya kulipia sokoni Kachibora, ningeweza kumpigia jirani yetu akuite. Nilienda mara moja, nikashika kile kidude, nikasikia baridi imenifunga mdomo. Nitamwambia nini mtoto? Nikarudisha simu, nikanunua viatu. Vyekundu, vya kufunga na kifungo. Nilimpa dereva wa lori la ngano akuletee, na nilijisikia mzazi hodari kabisa. Kukhu, mama yangu, akanitumia salamu kwamba havikuingia hata nusu. Nilikuwa nimenunua mguu ule niliouacha, na wewe ulikuwa umekua.

Sasa nije kwa Kukhu, Mungu amlaze pema, maana ndiye aliyenifundisha hili unalotaka kufanya.

Baba yako alipovuka mpaka pale Lwakhakha kwenda Uganda na biashara zake akasahau njia ya kurudi (yeye naye hakuaga, tumuache), nilipata hiyo kazi ya jikoni. Ulikuwa na miaka minne, kama Wafula. Nilitaka nikupakate nikuambie. Mama yangu akanivuta nyuma ya nyumba. "Mtoto haagwi," akasema. "Ukimuaga atalia, machozi yake yatakufuata, utaharibikiwa safarini. Mwache alale. Akiamka hatakukuta, atalia kidogo, atasahau. Sisi wote tulilelewa hivyo." Na ni kweli, kwetu hapa kila mtu hufanya hivyo. Shangazi zako wamefanya. Mwalimu wa Sunday school amefanya. Mtoto analazwa, mtu anabeba viatu mkononi, anapita mlango wa jikoni, na majirani wanamsifu ati ameondoka vizuri bila fujo.

Nikaondoka vizuri bila fujo.

Kukhu hakuniambia yaliyofuata, niliyasikia kwa mke wa jirani miaka mingi baadaye, tukimenya ndizi kwenye matanga. Ulinitafuta chini ya kitanda. Ukanitafuta kwenye kizimba cha kuku. Ulienda mpaka chooni ukagonga mlango, ukasema, "Mama, maliza basi." Halafu ukakataa kulala mchana. Kukhu akikubeba mgongoni unajisugua macho, unaimba, unajifinya, kwa sababu ulishajua watu huondoka saa gani.

Nilivyorudi baada ya mavuno nilikuwa nimejitayarisha kwa vilio. Nilisema utanirukia, utanipiga, nitakubeba. Nekesa, ulitoka nyumbani umevaa kale kagauni ka kijani, ukanitazama, ukarudi ndani. Ukatoka umebeba kiti. Ukakiweka kivulini, ukakipangusa na mkono, ukaniambia, "Karibu, mgeni." Watu wote walicheka. Na mimi nikacheka. Nilikaa kwenye hicho kiti nikanywa chai ya mgeni kwenye nyumba ya mama yangu.

Kiprono nilimsimulia. Tulikuwa tumehamia shamba lingine, ninakata vitunguu, akaniuliza, "Mama Nekesa, unalia ama ni vitunguu?" Nikamwambia ni vyote viwili. Kwao kulikuwa karibu na njia yetu, na wiki hiyo tulisimamisha msafara hapo ajulie hali watu wake. Nikaona jinsi mtu huyo anavyoondoka. Alimchukua kijana wake, wa miaka mitano hivi, akampandisha juu kwenye kiti cha kombaini. Akamwambia mbele yetu sote, bila kupunguza, "Naenda. Nitakaa mpaka mahindi yenu yavunwe. Lia sasa, niko hapa." Na mtoto alilia, bana! Alishika usukani, wakambandua vidole. Alitufuata barabarani akianguka kwenye vumbi, akimtukana babake matusi ya watu wazima. Nikamwona Kiprono katili. Nikamwambia hivyo, karavani nzima ikisikia. Yeye alikuwa anafuta macho na kofia. Akasema tu, "Mimi naaga. Analia, nalia, naenda. Akinyamaza anajua niko wapi."

Mwisho wa msimu tulipita tena pale. Yule kijana alikuwa juu ya lango tangu mbali, anapunga shati. Hakuleta kiti.

Ungedhani hapo nimejifunza. Ndio, nilijifunza, kisha nikarudi Misikhu nikafanya vile vile.

Ulikuwa umefikisha miaka mitano. Usiku wa mwisho ulikataa kulala kwa Kukhu, ukaja kwangu na uzi wa katani ulioutoa kwenye gunia. Ukafunga ncha moja kwenye kidole chako na nyingine kwenye upindo wa gauni langu. Hukusema ni ya nini. Nikakuuliza, ukasema, "Ni mchezo." Ulipolala, au niseme nilipoona umefumba macho, nilikaa kitandani nikafungua kile kifundo. Ulikuwa umekifunga vibaya, cha kitoto, cha kuzunguka zunguka. Nilitumia meno. Nilikifungua kama mwizi anayefungua zizi, nikauweka uzi wako karibu na mkono, nikapita mlango wa jikoni.

Na sasa jana.

Jana tulikuwa tunapukuchua mahindi, nikakuambia kwamba Wafula aambiwe. Ukasema, "Mama, si hata wewe uliniacha nikiwa nimelala? Na si niko sawa?" Nikajibu kwa ujinga wangu, kwa sababu ulikuwa umenibana, "Angalau wewe ulikuwa umelala, hukuniona." Ukaacha gunzi mkononi. Ukasema kwa sauti ndogo, mimi nimekuzaa na sijawahi kukusikia na sauti hiyo, "Nani alikuambia nilikuwa nimelala? Nilikuwa macho. Nilikusikia unang'ata uzi. Kukhu alikuwa ameniambia nikilia mama hatapata kazi, kwa hivyo nikafumba macho nikakungoja umalize."

Ukaendelea kupukuchua. Mimi nikaingia ndani nikajifanya natafuta ungo.

Umri wangu wote, Nekesa, nimejifariji na huo usingizi wako. Nikikumbuka nilisema, angalau alikuwa amelala. Kumbe mtoto wa miaka mitano alikuwa amelala pale anashikilia kilio chake ili mimi nipate njia. Wewe ndiye uliyeniaga. Mimi ndiye sikukuaga. Nisamehe. Nimeandika neno hilo kwa sababu jana lilikwama, na leo asubuhi ulipoenda nilikufuata mpaka kwenye mgomba nikitaka kukuita, ukapanda boda ukaenda.

Halafu unaniambia uko sawa. Uko sawa? Mwanangu, unalala na simu mkononi. Mtu akichelewa nusu saa unapiga simu mpaka chaji inaisha. Baba yake Wafula alipoanza kuchelewa, uliacha kumuuliza ukaanza kujifanya umelala, uliniambia mwenyewe. Ninakupenda vile ulivyo, lakini usiniambie hicho ndicho unachotaka kumuachia kijana wako.

Na kuna lingine, linaniaibisha zaidi ya uzi. Ulipoomba nimfungie Wafula mlango, kabla sijasema hapana, nilisikia raha kidogo. Ndiyo, raha. Nilimwona akiamka, anakukosa, anakuja kwangu, na wewe uko mbali kwenye theluji. Baada ya mwaka mmoja angekuwa ananiita mimi mama, na sijui kama ningemrekebisha. Hapo ndipo nilimwelewa Kukhu. Alikupenda, na alikutaka. Mtoto ambaye hakuagwa anakuwa wa yule aliyebaki naye. Simsemi marehemu vibaya, ni mama yangu na alituokoa sote wawili. Lakini najua mikono yangu inatamani nini, na ndiyo maana nakataa kupewa mtoto gizani. Nipe mchana, yeye akiona, wewe ukisema kwa kinywa chako kwamba mama yake ni wewe na mimi ni kukhu.

Atalia. Sikudanganyi. Atalia vibaya sana, pengine mpaka mwenye gari apige honi, pengine atatapika kama anavyofanya akilia. Utaingia kwenye ndege na kile kilio masikioni, na siku za kwanza kwenye hiyo karavani utakisikia kila upepo ukigonga. Kibebe. Ni chako. Nimeishi bila changu, na nakuambia kimya ni kizito zaidi. Na ukifika, tundika nguo zako. Pigilia msumari hata kama mwenye karavani atafoka. Weka picha yake pale unapokunywa chai, umpigie hata siku usiyo na la kusema, mwonyeshe ng'ombe, mwonyeshe barafu kwenye dirisha, mwache akuone ukiwa umechoka. Usinunue viatu bila kuuliza mguu umefika wapi.

Basi. Sasa kasirika, kwa sababu nina jambo nimefanya.

Nimemwambia. Nilingoja mpaka chakula cha mchana nikijishika ulimi, nikasema ni kazi ya mama yake, nisiingilie. Akaja akanikuta naandika, akaniuliza kwa nini karatasi imelowa. Singeweza kumdanganya akiwa na uso ule ule wako ninaoukumbuka. Nikampakata nikamwambia kesho mama anasafiri mbali, anaenda kukamua ng'ombe kwenye nchi ya baridi, atalala kwenye nyumba ndogo yenye magurudumu, na itachukua muda mrefu kabla ya kurudi. Akauliza kama ng'ombe wenyewe wanapiga teke. Nikasema wengine. Akachezea kidevu changu. Halafu, Nekesa, akaniuliza, "Kukhu, na mama anajua?"

Sikuelewa. Nikamuuliza anajua nini.

"Kwamba anaenda. Hajaniambia. Labda hajui."

Yeye akashuka kwenye mapaja yangu, akafikiria, akasema nisikuambie mimi, nitakutisha. Atakuambia yeye mwenyewe, polepole, ukiwa umekaa, ili usilie. Tangu hapo ameenda langoni kukungoja, hataki hata uji.

Nampa yeye barua hii akuletee, kwa hivyo unaposoma hapa yuko mbele yako. Kaa chini. Mwache akuambie.

Mama yako